Magodoro ya Milembe na Ulimi wa Guku Ngeleja

Wifi yangu Milembe hakuwahi kuandikwa gazetini, lakini nusu ya Bariadi imelala juu ya kazi ya mikono yake. Mimi nilikuwepo tangu godoro la kwanza, kwa hiyo mwenye haki ya kuyaeleza haya ni mimi. Wengine wanayaeleza vibaya.

Alikuwa ameolewa na kaka yangu Josia kule Zagayu. Josia alipofariki, Milembe akakataa kurithiwa, akakataa pia kurudi kwao Shishiyu. Akaja mjini, akapanga chumba chenye baraza karibu na kwangu. Tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga wakati huo, na ndiyo kwanza wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamefunguliwa mlango. Zamani pamba yote ilikwenda chama cha ushirika. Sasa malori yakaja ya kila rangi, na wenye malori wakawa wachaguzi: walitaka pamba safi tu. Ile fifi, yenye madoa na vipande vya majani, mkulima alirudi nayo nyumbani.

"Watu wanalala kwenye ngozi na mikeka," Milembe akaniambia, "na fifi imejaa ndani inaliwa na vumbi. Wifi, nitashona magodoro."

Akashona. Kitambaa cha mistari, fifi ndani, na sindano ya magunia. Msimu wa kwanza aliuza magodoro ishirini na sita. Msimu wa pili yalitoka manne.

Tulimlaumu kwanza Novatus, mfanyabiashara aliyeanza kushusha magodoro ya sponji kutoka Mwanza. Lakini sponji ilikuwa ya wenye uwezo, na wasio na uwezo nao hawakurudi kwa Milembe. Akaamua kuzunguka kwa wateja wake awaulize kulikoni.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Msukuma ukimuuliza hali, atakujibu "mhola", yaani salama, hata kama paa lake linaungua. Moto utatajwa salamu zikiisha. Na mjane aliyekushonea godoro kwa vidole vyake, kisha amekuja mpaka kwako, umekwishampa kigoda, utamwambiaje kwamba limekuumiza mgongo?

"Godoro linaendeleaje, mayu, mama yangu?"

"Mhola."

"Halikusumbui hata kidogo?"

"Mhola geete, salama kabisa."

Alizunguka siku tano akavuna mhola za kujaza gunia, na mteja hakuna.

Mwezi wa kwanza akaja kaka yetu mkubwa, Sylvester. Huyu ni mtu mwema, mrefu kama nguzo ya simu, na akishika neno haliachi. Alisimama barazani akayatazama magodoro yaliyorundikwa mpaka darini.

"Shemeji," alisema, "kujaribu umejaribu. Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi wa sita nitakuja na mkokoteni. Nikiyakuta haya bado yamelala hapa, utapanda pamoja nayo turudi Zagayu."

"Sawa, shemeji," Milembe akajibu.

Alipoondoka, Milembe akaniambia, "Kule nitakuwa mjane wa Josia, wa kuitwa kupalilia shamba la kila mtu. Hapa mimi ni Milembe." Akaendelea kushona, lakini sindano ilikuwa inamchoma vidole.

Mwezi wa pili tukapeleka magodoro sita kwenye mnada wa ng'ombe. Guku Ngeleja wa Kasoli alikuwepo. Guku kwetu ni babu, na kwa hesabu ya ukoo yule mzee alikuwa babu yake Milembe, kwa hiyo alimwita "mke wangu" na alikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Babu na mjukuu hawakasirikiani. Akasimama mbele ya magodoro, watu wamejaa.

"Huyu mke wangu anataka kuniua arithi ng'ombe."

"Ng'ombe gani, Guku?" Milembe akamjibu. "Wale wawili wenye kikohozi?"

"Hao hao. Amenishonea godoro, panya wakalipenda kuliko ninavyolipenda mimi. Wameoa humo, wamezaa. Juzi nimeingia kulala, panya mkubwa ananiuliza mbona mgeni hapigi hodi."

Watu wakacheka mpaka wauza ng'ombe wakaacha kutaja bei. Na katikati ya kicheko nikasikia sauti ya Specioza, mwimba kwaya, mwanamke mpole aliyekwisha kutupa mhola mbili kwa kinywa chake.

"Kumbe na kwako wapo, Guku?"

Mwingine akadakia kwamba lake lilikuwa limegeuka milima miwili, mmoja kichwani na mmoja miguuni, naye analala bondeni akizisikia kamba za kitanda. Wakaendelea hivyo. Milembe alicheka nao, maana kukasirikia utani ni aibu, lakini tulipofika nyumbani alijifunika khanga usoni.

"Wifi," nikamwambia, "siku tano umetafuta maneno haya kwa miguu, leo umeletewa bure. Kesho twende Kasoli."

Tukaenda. Kulitoa lile godoro nje kulitaka watu watatu, mkewe Guku, Bibi Shida, akiwa wa tatu.

"Sasa mmeliona?" Bibi Shida akasema akihema. "Eti niwe nalianika juani peke yangu. Mwenyewe nimeliacha, liwe la panya."

Milembe akakata mshono. Ndani kulikuwa na maganda ya mbegu zilizotafunwa na kiota kizuri sana, kimetandikwa kuliko kitanda chochote cha Kasoli. Akachuchumaa, akachukua mbegu moja akaigeuza kiganjani. Ndipo tukajiona wajinga wote wawili. Mkulima wa kwetu anaijua pamba mpaka kwenye mizani, na mpaka kwenye mizani pamba ina mbegu. Kinachofanyika mbele ya hapo, kwenye jineri, kiwanda inakochambuliwa mbegu, tuliona ni mambo ya watu wengine. Kwa hiyo Milembe alikuwa amewauzia watu kitanda na chakula cha panya kwa pamoja.

Wiki ile ile alikwenda kwenye jineri akaomba masazo yanayofagiwa chini ya mashine, ambayo walikuwa wakiyachoma. Ni pamba isiyo na mbegu, ina vumbi tu. Tuliipiga kwa fimbo mpaka tukawa weupe kama mizimu. Ili isihame ikafanya milima, akapitisha uzi juu mpaka chini, akafunga vifundo kila shubiri moja. Na kwa ajili ya Bibi Shida akakata godoro vipande vitatu vinavyofungana kwa vishikizo vya kitambaa, kila kimoja cha kubebwa na mwanamke mmoja.

La kwanza alimpelekea Bibi Shida mwenyewe. Kisha akamgeukia Guku.

"Guku, siku za soko uje ukae barazani kwangu. Mtu mwenye haya ya kunisema mimi atakuambia wewe, nawe unitangazie. Wewe haya huna."

"Mshahara?"

"Uji wa michembe ya viazi, wenye karanga. Na kutukanwa."

"Kutukanwa nimezoea nyumbani," Guku akasema. "Uji uwe mzito."

Basi akaja. Watu walimwinamia wakamnong'oneza, naye akapaza sauti kama mnadishaji: "Mke wangu! Specioza anasema vishikizo vyako vifupi kama akili yako!" Specioza akazama ndani ya khanga yake, na Milembe akarefusha vishikizo, godoro la kwanza kurefushwa likiwa la Specioza. Mwalimu mmoja akalalamikia vifundo kuchoma mbavu, vikazamishwa. Ikafika watu wakawa wanakuja kwa Guku kwanza kusikiliza magodoro yametukanwa nini wiki ile, halafu wananunua. Wenye watoto wachanga waliacha hata sponji, maana mtoto akikojoa unaanika kipande kimoja tu. Mama mmoja alisema mume akileta maneno nyumbani atamfungulia kipande cha miguuni akalale nacho sebuleni.

Mwezi wa sita Sylvester akafika na mkokoteni, ng'ombe wawili na kamba ya kufungia mizigo. Barazani hapakuwa na rundo; yale ya zamani yalikwisha kufumuliwa, yakajazwa upya na kuuzwa. Palikuwa na wanawake watano kwenye foleni, na Milembe na sindano mdomoni, hata salamu akaitikia kwa kichwa. Sylvester akangoja. Akachoka kusimama, akajilaza kidogo kwenye godoro lililokuwa limetandikwa pale. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha nikamwona anamwita Guku kwa kidole, anamnong'oneza.

"Mke wangu!" Guku akapaza sauti. "Shemeji yako anasema miguu yake imebaki nje. Urefushe godoro, au nimfupishe yeye?"

Milembe akatoa sindano mdomoni. "Analitaka lake, au ananilalamikia tu?"

"Nalitaka," Sylvester akasema akiwa bado amelala. "Na mama naye, na majirani wawili. Huku utabaki, shemeji. Ukirudi Zagayu kupalilia, nani atanishonea?"

Milembe akampima palepale mbele ya foleni, kutoka kisogo mpaka kisigino, na jioni mkokoteni ukaondoka bila yeye, umejaa magodoro yaliyokwisha kulipiwa na wateja wa njia ya Zagayu.