Nilisingizia Mlango

Nilianza kuinua vyuma kwenye jimu moja mtaani Kamenu bila kumwambia mtu. Mwalimu wa nasari wa miaka arobaini na mbili, watu wangenicheka. Mwezi wa pili mkono ukaanza kuuma kutoka kiwiko hadi kifundo, hata kikombe cha chai kikanishinda. Kocha akasema nakaza ngumi mno, nipunguze uzito na nipumzike wiki mbili. Nikaufunga mkono bandeji.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Mwiki, aliuona.

"Mama Ciku, umefanya nini?"

"Niligongwa na mlango, mama."

Alimgeukia mume wangu aliyekuwa anakula. "Njoroge, weka kijiko chini. Hata mimi niligongwa na mlango miaka mingi, baba yako akiwa hai. Nilidhani wewe hukumfuata."

"Mum, sijamgusa! Haki ya Mungu!" Njoroge alinitazama. "Si umwambie."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, si yeye. Ni vyuma. Huwa naenda jimu kwa siri."

Mama mkwe alijifunika uso kwa mikono. Sikujua kama analia au anacheka.

Njoroge ndiye aliyeuliza, "Jimu gani?"