Fundi anayepandisha mchanga kwenye bembea

Jumapili, tarehe 9 Machi. Mvua iliyonyesha usiku kucha imekatika alfajiri. Mawingu bado yameinama juu ya mapaa, na udongo umelowa kiasi cha kumeza kisigino.

Wazazi wengi wangesema hii si asubuhi ya kutafuta mahali pa kuwapeleka watoto kucheza. Fundi huyu wa kuchomelea vyuma anasema ndiyo asubuhi aliyoiomba kwa Mungu.

"Kiangazi kila nguzo ni shujaa," anasema, akiegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa zahanati. "Njoo baada ya mvua ndipo utajua nani kasimama na nani kaegeshwa."

Nyuma ya zahanati kuna uwanja mdogo wa watoto. Una bembea moja yenye viti viwili, mtelezo uliopauka rangi, na benchi lililobaki na ubao mmoja. Kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake fundi amefunga gunia la mchanga, mdomo umeshonwa kwa waya. Lina uzito wa watoto wawili walioshiba.

Analishusha kwa goti. Anafumba macho, midomo inacheza kidogo, anasema amina. Kisha analikalisha gunia kwenye kiti cha bembea na kulifunga kamba kiunoni, kama mama anayemfunga mtoto mgongoni.

Watoto waliomtangulia uwanjani wanasogea karibu.

"Fundi, mwanao mbona hana kichwa?" mmoja anauliza.

"Kichwa kakiacha nyumbani, kinafanya kazi za shule."

Wanaangua kicheko. Yeye hacheki. Anasukuma gunia, na bembea inaanza kulia.

Mtaani wanamwita Fundi Bembea. Kwa miaka kumi na mitano, kwenye karakana ya mtu mwingine, amekata, amepinda na amechomelea bembea za hoteli, za shule za kulipia na za bustani za kupigia picha za harusi. Ana desturi yake: bembea haipakwi rangi kabla yeye mwenyewe hajakaa na kubembea mpaka mafundi wenzake wamzomee.

"Makalio yangu yamepanda bembea zote za maana za mji huu," anasema. "Ya wanangu yalipanda moja. Na hiyo moja ndiyo iliyoanguka."

Hilo lilitokea miaka miwili iliyopita, kwenye uwanja wa wazi wa mtaa wao. Kulabu za bembea ya pale zilikuwa zimelika, naye alizichomelea upya bila malipo, jioni moja baada ya kazi. Jumapili iliyofuata aliichukua familia nzima: mkewe, binti yao mkubwa, mtoto wa kati wa kiume na kitinda mimba. Walibeba mkate na chupa ya maji ya matunda. Alitazama juu, akakiona kiungo alichokichomelea kinang'aa, akampandisha mtoto wa kati.

"Kiungo changu kilikuwa kizuri. Mpaka leo ni kizuri. Nguzo ililala chini nzima nzima, kiungo hakijapata hata ufa."

Nguzo ilikuwa imeliwa na kutu chini ya udongo, pale ambapo macho hayafiki.

"Fundi wa kuchomelea akifika mahali hutazama juu, kwenye kiungo," anaeleza. "Chini ya udongo ni kazi ya mwashi. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Nikafuata nilivyofundishwa, nikamvunja mwanangu."

Mtoto alikuwa na miaka saba. Kiwiko cha mkono wa kushoto kilivunjika, kikaunga vibaya, na hadi leo mkono haunyooki wote. Shuleni wakampa jina: Kiwiko. Likatoka darasani likaingia uwanjani, likatoka uwanjani likaja nyumbani.

"Wanamwita naye anaitika," anasema baba yake. "Angekasirika ningepumua. Anaitika tu, kama jina alilopewa na babu yake."

Mkewe ni mfuaji wa mashuka katika hospitali ileile mtoto alikolazwa. Wiki nzima alifua mashuka ya wagonjwa chini, huku mwanawe amelala ghorofa ya juu. Alipotoka naye langoni alisema neno moja tu, na neno hilo likawa sheria ya nyumba: watoto wake hawatakanyaga tena uwanja uliochaguliwa na baba yao.

Tangu siku hiyo Jumapili za familia hii hupita ukumbini. Wanaishi vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji sita, yenye ukumbi mmoja mrefu na mwembamba kama mkono wa shati. Watoto wanaruka kamba kati ya majiko na ndoo.

"Mpira ukirushwa unaingia kwenye sufuria ya mtu," anasema. "Na mwenye sufuria haji kwa mtoto. Anakuja kwangu."

Mwanzoni mwa mwaka huu binti mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, alimwambia kwa upole akiwa anaosha vyombo: "Baba, mimi nitakuwa mtu mzima kabla hujapata uwanja."

Usiku ule, anasema, aliomba mpaka maneno yakamwishia. Asubuhi akajaza gunia mchanga.

Mkewe alipoliona hakucheka. Alimwambia: "Katafute. Ukiridhika niambie. Ila nitakuuliza swali moja tu: umechimba?"

Uwanja wa kwanza aliouendea, ule wa karibu na soko, aliukuta umekuwa maegesho ya magari. Kilichobaki ni mtelezo. Wapakuzi wameusogeza kwenye malori, na magunia ya viazi yanateleza juu yake kutwa nzima.

"Niliyaonea wivu magunia," anasema.

Uwanja wa pili ni bustani ya hoteli. Bembea zake anazijua kwa mkono, maana alizitengeneza yeye, na nguzo zake zimezama kwenye zege. Kiingilio cha mtoto mmoja pale ni sawa na ujira wake wa kutwa. Ana watoto watatu. Alimweleza mlinzi kwamba yeye ndiye fundi aliyezichomelea bembea zile, akaomba aingie na wanawe saa moja tu, asubuhi, kabla wageni hawajaamka.

"Mzee wangu," mlinzi alimjibu, "bembea umechomelea wewe. Lango je, umechomelea wewe?"

Fundi anaurudia msemo huo akitikisa kichwa. Anasema mlinzi hakuwa mtu mbaya. Naye ana watoto, nao hawaingii.

Shule ya mtaa ina uwanja, lakini siku za mapumziko hufungwa kwa kufuli. Alikwenda ofisi ya mtaa kuuliza ni nani anayetunza viwanja vya wazi, akaambiwa arudi Jumatatu. Amerudi Jumatatu nyingi.

Ndiyo maana leo yuko hapa, nyuma ya zahanati. Hakuna lango wala kiingilio, na kutoka nyumbani ni mwendo ambao kitinda mimba anauweza bila kubebwa. Familia imekwenda ibada ya asubuhi. Wakirudi watasubiri simu yake, wakiwa wamevaa nguo zao za kutokea.

Gunia limebembea vya kutosha. Nguzo hazijatikisika. Kwa mtu mwingine kazi ingekuwa imekwisha. Fundi anapiga magoti kwenye tope, anatoa mwiko wa mwashi, anaanza kuchimba.

Nguzo ya kwanza ni nzima. Anaigonga kwa nyundo, inaitika kama kengele. Ya pili ni nzima. Ya tatu nayo. Uso wake unaanza kulegea, na kwa mara ya kwanza anawatania wale watoto: "Mkikaa kimya, huyu asiye na kichwa nitamshusha, nyie mpande."

Anafika ya nne. Anachimba, anagonga. Haitoi mlio. Anagonga tena, na nyundo inazama.

Anatoa vipande vya chuma kwa vidole, vimelainika kama biskuti iliyodondokea chai. Juu ya udongo kuna rangi nzuri ya kijani. Chini yake hamna kitu.

Anakaa kitako kwenye tope. Kisha anatoa spana na kuanza kuifungua minyororo ya bembea.

Hapo ndipo kelele zinaanza. Wazazi wawili watatu wameshafika na watoto wao. Baba mmoja mwenye kofia anamjia kwa hatua ndefu.

"Wewe, unafanya nini?"

"Naishusha. Nguzo imeoza."

"Imeoza wapi? Wanangu wanacheza hapa kila wiki, hajaanguka hata mmoja."

"Na wangu hakuwahi kuanguka, mpaka siku aliyoanguka."

"Nani amekutuma? Una kitambulisho?"

"Sijatumwa. Njoo uone shimo, ndugu yangu."

"Sina haja ya shimo. Mji mzima umebaki na bembea moja ya bure, na wewe umeiona hiyohiyo ndiyo ya kung'oa?"

Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga anadakia: "Si afadhali ungeweka alama tu? Mtu akipanda, shauri yake."

"Mtoto hana shauri yake, dada," fundi anajibu. Spana haijasimama.

Watoto waliokuwa wakicheka wameanza kulia. Mmoja ameushika mnyororo na hataki kuuachia. Fundi anamfungua vidole kimoja kimoja, huku akimwomba radhi.

Katika vurugu hiyo mkewe anatokea kwenye kona ya zahanati, na watoto watatu nyuma yake. Kitinda mimba amevaa viatu vyeupe. Hakuna aliyewapigia simu.

"Nimechoka kuwavalisha na kuwavua," mama anasema, kabla hajaulizwa. Anaitazama minyororo iliyolala chini, anawatazama watu, anamtazama mumewe aliyejaa tope hadi magotini. Anauliza swali lake.

"Umechimba?"

"Nimechimba."

"Ehe?"

Fundi anasogea pembeni. Mama anachuchumaa, anaingiza mkono kwenye shimo na kuutoa na konzi ya kutu. Anaisaga taratibu kati ya vidole. Yule baba mwenye kofia naye anasogea kuchungulia.

Kiwiko amesogea hadi ukingoni mwa shimo. Ameinama, mkono wake wa kushoto umejikunja mbele yake kama kawaida.

"Baba," anasema. "Na ile nyingine, ungeichimba hivi?"

Fundi anaweka spana chini.

"Ningeichimba, ningeona."

"Ungeona kabla sijapanda?"

"Kabla hujapanda, mwanangu."

Mtoto analitazama shimo, kisha anaondoka na kwenda kusimama karibu na dada yake. Halii wala hamlaumu mtu. Baba yake anamfuata kwa macho, na uso wake ni wa mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa akiijua siku zote.

Kitinda mimba anauliza kama sasa wanarudi nyumbani. Dada yake anamwambia ndiyo. Anauliza kama kesho watakuja. Dada yake anainama kumfuta tope kwenye viatu.

"Haya," anasema baba mwenye kofia, sauti imeshuka lakini makali bado yamo. "Umetuonyesha kutu, tumeiona. Jumapili yetu imekwisha. Sasa hiyo bembea itarudi lini, au ndiyo tumeagana nayo?"

Fundi anasimama na kujifuta mikono kwenye suruali. Anasema ofisini hatakwenda tena. Karakana yao hutupa mabaki ya mabomba, na bosi akimkatalia ataomba akatwe kwenye mshahara. Shimo ataliacha wazi leo na kulizungushia miba, mtu asijidanganye.

"Jumamosi, nikitoka kazini, nitakuja na bomba na saruji," anasema. Sasa anaongea na wote, watoto kwa wakubwa. "Zege nitaliacha likomae wiki nzima. Jumapili itakayofuata, bembea itakuwa juu. Namwita Mungu awe shahidi, na nyinyi mlio hapa."

"Ahadi haijawahi kumbembeza mtu," anasema mwenye kofia.

"Ni kweli. Ndiyo maana nimeisema kwa sauti, ili mnifuate nayo mpaka nyumbani."

Watu wanamgeukia mkewe, kama vile dhamana iko kwake. Mama bado ana kutu kiganjani. Anainuka, anaikung'uta, anamshika Kiwiko bega.

"Jumapili hiyo nitawaleta wanangu," anasema, kwa sauti ya kufika hadi madirisha ya zahanati. "Nitatangulia mimi, nipige magoti hapa, nichimbe nguzo zote nne kwa mkono wangu. Nikiridhika, watapanda. Mmenisikia nyote."