Managu Yaliyoliwa Kabla ya Kubatizwa

Daktari Kimeli, mtaalamu wa mimea katika chuo kimoja hapa Eldoret, alikuwa na hamu moja tu maishani: kuwe na aina ya managu, hii mboga yetu ya majani, inayoitwa kwa jina lake. Wenzake walishaandikwa vitabuni, yeye bado anaitwa "yule wa mboga". Uchungu huo ulimkeketa maini.

Basi akakata ncha ya mzizi wa managu yaliyoota kwenye karai pale kwake Pioneer, akaitia rangi, akaifunika kwa kioo, akaikandamiza kwa kidole gumba kama mtu anayeua kunguni. Kisha akahesabu kwa darubini kromosomu, vile vijiuzi vya urithi ndani ya seli. Managu ya kawaida huwa na ishirini na nne, au arobaini na nane, au sabini na mbili. Yeye akapata tisini na sita! Unadhani alirudia? Wapi! Jumapili akatangaza kanisani kwamba amevumbua aina mpya, akaalika kila mtu nyumbani chakula cha Jumamosi.

Jumamosi yenyewe akapitia maabara kumringia mwenzake, Daktari Jepchirchir. Huyo akainama kwenye darubini, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Kimeli, hizi ni seli mbili! Umezifinya mpaka zikaingiliana. Arobaini na nane mara mbili, bwana. Nakuja kwako sasa hivi, tuchukue mzizi mwingine tuhesabu upya."

Kimeli akapanda boda mbio, roho mkononi. Akakuta nyumba imejaa wageni, na karai tupu. Mkewe, Edinah, alikuwa ameyang'oa managu yote akayapika kwa maziwa.

Mwingine angelia. Huyu, aibu hana, alifurahi kimoyomoyo. Hakuna mzizi, hakuna kuhesabu! Akavaa uso wa matanga, akasimama.

"Ndugu zangu, aina hiyo mnayokula ilikuwa ya mwisho duniani. Itaitwa kwa jina langu, lakini ndiyo hivyo, imetoweka."

Watu wakaacha kutafuna. Mama mmoja akatema kwenye leso.

"Haki, Baba Kiplimo, usiwaharibie watu chakula," Edinah akasema huku akikata ugali. "Mbegu si nilipewa na Nelima wa sokoni? Anauza hiyo hiyo kila siku. Nimemwambia aongeze ingine, ako hapo kwa gate."

Kweli, Nelima alikuwa anaingia na gunia la managu, mizizi na udongo wake. Nyuma yake alikuwa Daktari Jepchirchir, anaomba kisu.