Mishumaa Mchana Kweupe

Kiwanda cha mishumaa kilipofungwa, Mama Utambi, kama walivyozoea kumwita wenzake, alirudi nyumbani na ujuzi wake na kalibu mbili chakavu za kumiminia nta. Hakukaa kitako kulia. Aligeuza stoo kuwa karakana, akasokota utambi wa namna yake, akaanza kujigamba kwamba mshumaa wake unadumu kuliko ule wa kiwandani.

“Kila muuzaji anasema hivyo,” mwenye duka la mtaani alimjibu. “Nionyeshe.”

Nyumbani, binti yake, aliyekuwa akisomea takwimu chuoni, alisema, “Mama, tuanze kwa kujikatalia. Tuseme utambi wako haujabadilisha kitu, wastani ni uleule wa kiwandani, saa nne za kuwaka. Halafu tuone kama vipimo vitatukanusha.”

Mama akaanza kuchambua mishumaa iliyonyooka vizuri.

“Weka chini! Huko ni kujipendelea. Tunachukua bila kuchagua.”

Wakawasha minane sebuleni, mchana kweupe. Jirani akachungulia dirishani: “Kulikoni, umeme umekatika kwenu tu?”

Wastani ulizidi saa nne kwa dakika kumi. Lakini mmoja ulizimika mapema, mwingine ukakaribia saa tano.

“Yenyewe kwa yenyewe inapishana mno,” binti alisema. “Dakika kumi zinaweza kuwa bahati tu.”

“Kwa hiyo nimeshindwa?”

“Hapana. Ushahidi haujatosha, basi.”

Mama alianza kukwangua nta mezani. Kisha akaliona pazia likipepea. “Kiwandani tulipimia kwenye chumba kisicho na upepo.”

“Mbona hukusema?”

“Mbona hukuuliza?”

Wakacheka mpaka machozi.

Wakahamia stoo, wakakinga upepo, wakawasha mingine thelathini kwa awamu. Wastani ukawa saa nne na robo, na safari hii vipimo vilikaribiana. Binti alipiga hesabu, akairudia.

“Kama utambi haukusaidia kitu, bahati tupu ingetupa wastani mkubwa hivi chini ya mara moja katika mia. Naikataa ile dhana yetu.”

“Kwa lugha ya watu?”

“Umeweza, mama.”

Walipompelekea matokeo, mwenye duka aliuliza, “Yote inafika hapo?”

“Yote hapana. Huo ni wastani. Mmojammoja unaweza kukuangusha,” Mama Utambi alijibu.

“Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo,” alicheka. “Lete katoni tano.”

Jioni Mama Utambi alimpigia simu mwenzake wa kiwandani, aliyekuwa bado anasaka kazi. “Shoga, njoo kesho. Nta inachemka, na mikono yangu miwili hainitoshi.”