Neno la Siri la Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa akitengeneza kadi sebuleni kwake: za harusi, za shukrani, za misiba. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya chakula, printa juu ya stuli, na watu wa nyumba hiyo walikula sahani zikiwa mapajani. Mimi nilimuuzia karatasi na wino, na sijapata mteja mgumu kama yeye. Alikuwa akishika karatasi moja kwa vidole viwili, anaipapasa, kisha anasema, "Hii imepunguzwa unene. Usinifanye mtoto." Na kweli, kiwanda kilikuwa kimeipunguza. Angekuwa mjinga, yaliyompata yasingeniuma hivi.

Aliishi na mdogo wake wa kike, tumbo moja. Yeye alichora kadi na kupatana na wateja. Mdogo alichapa, akakata, akakunja. Kutwa walikuwa wakitaniana.

"Bosi wa sebule, hapa bwana harusi umemkata sikio."

"Liache. Mkewe atamvuta kwa lile lililobaki."

Asubuhi moja barua pepe ilikataa kufunguka. Akaandika neno la siri, ikakataa. Akaliandika tena polepole, herufi moja moja, ikakataa. Chai haijapoa, simu zikaanza kulia. Wateja walikuwa wamepata ujumbe kutoka kwake: namba ya malipo imebadilika, tumeni hapa. Ulianza kwa salamu yake ileile, "Wapendwa wangu wa kadi," na wengine walikuwa wameshatuma. Ukurasa wake wa biashara nao ulikuwa umeshikwa na mtu, kwa sababu milango yote alikuwa ameifunga kwa neno moja.

Nilifika na katoni ya karatasi nikawakuta wamesimama, meza katikati yao.

"Lile neno tunalijua wawili tu," alisema Mama Pacha. "Mimi sijajiibia."

"Dada, unajisikia unavyosema?"

"Juzi umeniambia unataka kuondoka, uanze kazi yako. Ndiyo umeanza na wateja wangu?"

"Nilikwambia kwa sababu sikutaka kukuficha. Niulize basi. Niulize tu kama nimefanya."

Hakumuuliza. Aliingia chumbani, akatoka na begi la mdogo wake, akaliweka nje ya mlango. Yule binti alilitazama, akainama kuhakikisha zipu imefungwa, akalibeba. Watoto wake pacha walikuwa shuleni. Hawakumuaga mama yao mdogo, walirudi wakakuta kitanda kitupu.

Katika biashara, mtu akikuletea mzigo kwa bei ya kushangaza, unaufungua kwanza. Mama Pacha asingenunua hata bahasha bila kuigeuza. Lakini jibu hili lilimjia rahisi mno, akalichukua hivyohivyo lilivyofungwa.

Baadaye nilimpelekea fundi wa kompyuta ninayemfahamu, bwana mmoja mnene asiyevua kofia. Alihangaika kutwa nzima kuthibitisha kwamba barua pepe ile ni ya huyu mama, mpaka ikafunguka. Kisha akauliza, "Paswedi ya zamani ilikuwa ipi?"

Mama Pacha akasita. "Mamapacha. Na mwaka waliozaliwa watoto."

Fundi akavua kofia. "Na huu ukurasa unaitwa Kadi za Mama Pacha?"

"Ndiyo jina la biashara."

"Na hii picha ya keki, hapa chini umeandika mwaka waliozaliwa?"

"Ilikuwa siku yao ya kuzaliwa, jamani. Niandike nini?"

"Mama, umemwachia mwizi ufunguo mlangoni, ukamuwashia na taa."

Muuza mboga akapita nje. "Mama Pacha! Leo huchukui mchicha?"

Fundi akaelekeza kidole dirishani. "Unasikia? Paswedi yako inatembezwa mtaani kila siku."

Nilicheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta, ambako fundi alikuwa ameshafungua orodha ya simu na kompyuta zilizoingia kwenye akaunti. Ya mwisho ilikuwa simu ya aina ambayo haijawahi kuingia nyumba ile, katika mji ambao hakuna kati yao aliyewahi kuukanyaga. Iliingia alasiri, siku moja kabla ya asubuhi ile.

"Alasiri hiyo tulikuwa hapa tunakunja kadi," alisema. "Wawili. Alikuwa ananichekesha."

Fundi akaendelea na kazi yake. Barua pepe ikapata neno la siri refu, la maneno manne yasiyojuana; ukurasa ukapata lake, benki lake. Mgeni akijaribu kuingia, atatakiwa namba inayokuja kwenye simu ya mwenyewe. Kadi zote zikanakiliwa kwenye diski ya kuweka kabatini. Mama Pacha alikubali kila kitu bila kupunguziwa hata senti, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Alimpigia mdogo wake, hakupokea. Alimwandikia, ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Mwishowe alimfuata kazini, kwenye duka la kutoa kopi ambalo nami nawapelekea karatasi. Nilikuwa nashusha mzigo alipoingia. Akapanga foleni kama watu wengine mpaka zamu yake ikafika.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

Mama. Si dada, si bosi wa sebule.

"Nimekukosea," alisema. "Aliyeingia ni mtu wa mbali huko, hata hatumjui. Fundi amenionyesha."

Mdogo wake alichukua bunda la karatasi, akaligonga kwenye kaunta mpaka pembe zikakaa sawa. "Kwa hiyo ulimuuliza fundi."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yako."

Mama Pacha alishika ukingo wa kaunta. "Rudi nyumbani. Watoto wanakuulizia."

"Waje Jumapili, siku hiyo siji kazini. Waambie nitawapikia."

"Na mimi?"

Yule binti alitazama foleni iliyokuwa nyuma ya dada yake. "Una karatasi ya kutoa kopi?"

Hakuwa nayo. Akasogea pembeni, akampisha mzee aliyekuwa nyuma yake, kitambulisho tayari mkononi.