Marobota ya Ghorofa ya Nne

Chini ya ngazi za jengo letu la mtaa wa Xiaobei, huku China, kuna kikabati chekundu, hakizidi rafu ya viatu. Ndani mna vikombe viwili vya chai na vijiti vya udi. Kiliwekwa kwa ajili ya wazimamoto wawili waliokufa wakipanda ngazi hizo, siku stoo ya ghorofa ya sita iliposhika moto.

Ukweli wenyewe ni huu: ghorofa ya nne walikuta marobota ya vitambaa yamejazana njiani, wakashindwa kupita. Yalikuwa yangu. Sote tulizoea kupanga mizigo kwenye ngazi kusubiri gari la kago, na laoban, mwenye jengo, akipiga kelele tulimjibu, "Kesho, bosi, kesho." Baada ya moto hakuna aliyeniuliza kitu. Miaka mitatu nikawa napita hapo nimekodolea macho simu, mwoga mkubwa mimi.

Mwaka huu, siku ya kumbukumbu, nilimkuta mama mmoja mzee akihangaika kuweka machungwa kikabatini. Magoti yalikuwa hayakunjiki. Alikuwa mama wa mmoja wa wale wazimamoto. Nikamsaidia. Kwao, kilichotolewa kwa marehemu huliwa baadaye na waliopo, basi udi ulipoisha akamenya chungwa moja, akanipa nusu.

"Ayi," nikamwita, kama wanavyoitwa akina mama watu wazima huku, na kwa Kichina changu cha sokoni nikasema, "siku ile, mzigo kwenye ngazi ulikuwa wangu."

Alinitazama sana. Nilitamani anizabe kofi. Akauliza ni ghorofa gani, kisha akasema, "Nipeleke."

Tulipanda polepole, kanishika mkono, akipumzika kila kona. Ghorofa ya tatu nikakumbuka jambo. Nikamwambia turudi, ngazi ni nyingi. Hakunisikiliza.

Yalikuwepo. Marobota manne, jina la duka langu limeandikwa kwa wino mwekundu. Wapakizi waliyaacha pale asubuhi, nami nikanyamaza kwa kuwa gari lingefika alasiri. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Mama hakulia wala hakunitukana. Aliweka chini mfuko wake wa machungwa, akainama kwa magoti yake yale yale, akashika kamba ya robota la kwanza.

"Shika upande huo," akasema.