Mahali Kumi na Moja Walipolala

Kwa siku mbili swali moja lilininyima usingizi: niseme kaseti imeliwa na mashine, au niseme ukweli? Mashine kula kaseti lilikuwa jambo la kila wiki katika kituo chetu cha redio pale Arua Hill. Hakuna ambaye angenishuku, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada, pamoja na tabia ya kupima kila neno mara saba kabla ya kulitamka. Niliwekwa chini ya mtangazaji mkongwe, mzee ambaye sauti yake ilijulikana kutoka Kuluva hadi mpakani. Alizunguka na kinasa sauti akikusanya kumbukumbu za watu wazima kabla hawajaondoka nazo. Alikuwa na sharti moja: kipindi hakiendi hewani mpaka kaseti irudishwe kwa aliyesimulia, ichezwe uani kwake, na jamaa wote wasikie. Wakikataa, basi.

Mama mmoja wa Koboko, mjane wa askari, alikuwa ametusimulia jinsi watu wake walivyokimbilia Sudani kwa miguu mwaka 1979, serikali ilipopinduliwa. Kazi yangu ilikuwa kuyapunguza maneno yake yatoshe nusu saa. Nilisikiliza nikaona mahali panapochosha. "Tukalala, tukaamka, tukaenda," kisha jina la kijito au kilima, kisha jina la mtu aliyebaki pale, halafu tena, "Tukalala, tukaamka, tukaenda." Mara kumi na moja. Nikanakili kwenye kaseti nyingine, nikaacha mbili, nikakata tisa. Na kwa kuwa kaseti zilikuwa adimu, juu ya ile ya kwanza nikarekodi matangazo ya mnada wa ng'ombe.

Jumatano mzee akapita mezani kwangu. "Jumamosi tunampelekea mama kaseti yake. Wanawe wanakuja kutoka mtaa wa Oli. Wanataka kuandika zile sehemu, waende wakatafute makaburi."

"Makaburi gani, mzee?"

"Si wewe uliyesikiliza? Mtu aliyebaki pale, ulidhani alibaki kuuza chai?" Akacheka, akaenda zake.

Mimi sikucheka. Nikisema mashine, mama atasimulia upya na hakuna atakayeumia. Lakini mara ya kwanza alilia. Nilikuwa na haki gani ya kumrudisha kwenye njia ile, tena kwa uongo? Na nikisema ukweli, je, akikataa? Wanawe watatafuta wapi?

Ijumaa asubuhi nilimkuta mzee akisafisha kinasa sauti kwa pamba na spiriti. Nikamweleza yote.

"Umekata, au umefuta?"

"Nilikata, mzee, halafu nikafuta."

"Msomi kamili. Huachi kazi nusu." Alimaliza kusafisha, akakisogeza kinasa sauti upande wangu. "Sasa unaniambia mimi kwa nini? Njia ilikuwa yangu?"

"Na akikataa?"

"Atakuwa amekataa. Betri mpya ziko kwenye droo."

Nilipata nafasi kwenye lori tupu lililokuwa likirudi Koboko kuchukua tumbaku. Njiani nilitunga maneno ya kuomba msamaha, nikayarekebisha, nikayatunga upya. Nilipofika yote yalikuwa yamenitoka. Mama alikuwa akianika muhogo pamoja na mke wa mwanawe.

"Mama," nikasema, "nilikata safari yako. Nilidhani unarudia maneno. Kaseti ya kwanza nimeifuta mwenyewe. Mashine haina kosa."

Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Binti, wewe nasoma miaka ngapi?"

"Kumi na sita, mama."

"Kumi na sita, na hapana jua kama watu nalala kila siku?"

Mkwe wake akaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliendelea kutandaza muhogo, akasema bila kunitazama, "Kulala moja, hiyo mwendo ya siku moja, na watoto mgongoni. Watoto yangu nahesabu hiyo. Wewe natoa kulala moja, kaburi nahama."

Nikamwambia anaweza kukataa, leo au siku zote, na kwamba kesho nitasimama mwenyewe mbele ya wanawe niwaeleze.

"Leo wewe nauliza kwanza," akasema. "Hiyo mzuri." Akapangusa unga wa muhogo mikononi, akamwita mkwe wake aje kukaa karibu. "Na wewe sikia. Kichwa ya mashine peke yake haitoshi."

Alisimulia mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Safari hii hakulia, ila alipofika mahali pa sita alikatiza maneno. Sikusimamisha mashine. Alipomaliza, mkwe wake akayarudia majina yote kumi na moja kwa mpangilio, akakosea moja, akasahihishwa.

Kipindi kingehitaji saa nzima, na ningemsumbua mzee mpaka aipate. Nikaomba kisu cha jikoni. Nikaitoa kaseti, nikavunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwake, ili mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza, asiweze kurekodi juu yake tena.